Uzoefu wangu: nilivyomwachia mtu pango langu Mtwara, nikachukua la mwingine Nachingwea

Barua ya uhamisho ilinikuta Mtwara mwezi Novemba, kodi ya mwaka mzima nikiwa nimeshalipa tangu Julai. Ilikuwa chumba, sebule, jiko na choo cha ndani, pale Chikongola, shilingi 120,000 kwa mwezi. Jumla 1,440,000, hela niliyoikusanya kwa kujinyima. Natakiwa niripoti Nachingwea mwanzoni mwa Desemba, na miezi saba bado ipo. Shilingi 840,000 zinabaki kwenye nyumba ambayo sitalala tena.

Nilimtafuta mtu kabla ya kumwambia mwenye nyumba, na hapo ndipo nilipoharibu. Mtu nilimpata upesi: nesi, binti anayeanza kazi mjini, amechoka kulala kwa shangazi yake Magomeni. Tukapatana anirudishie 840,000 kwa awamu mbili, aingie tarehe mosi. Nikaenda kwa mzee mwenye nyumba nikiwa na kila kitu mkononi, nikidhani atafurahi kwamba nyumba haitakaa tupu.

"Mwanangu, hela ya pango ikishaingia haitoki."

Nikamwambia, baba, sidai unirudishie chochote, naomba huyu mwenzangu amalizie miezi yangu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mimi nimekupangisha wewe. Huyo simjui, na hajanipigia hodi."

Njiani nilikasirika sana. Nilipofika nyumbani nikautoa mkataba, ile karatasi ya kununua stationeri mnayojaza majina na kusaini, na kifungu nikakikuta: mpangaji hataruhusiwa kumpangisha mtu mwingine bila idhini ya mwenye nyumba. Niliweka saini bila kukisoma. Mzee alikuwa na haki ya kuulizwa kwanza.

Niliporudi siku ya pili na shikamoo ya heshima na binti mwenyewe pembeni yangu, mazungumzo yalikuwa mengine, ila na masharti yalikuja. La kwanza, lazima mzee amuulize mjomba wake, maana nyumba ni ya ukoo. Kwetu Kusini hilo si kisingizio. Mali ya ukoo mjomba ana neno lake, na mwenye kukusainia si lazima awe ndiye mwenye kauli ya mwisho. Tulingoja wiki mbili mpaka mjomba ashuke kutoka Newala. La pili, kodi iwe 150,000 kuanzia siku binti anapoingia. La tatu, nitoe kodi ya mwezi mmoja "ya kubadilisha jina".

Hili la bei nataka nilieleze vizuri, kwa sababu wengi wanaohama Mtwara watakutana nalo. Novemba ni msimu wa korosho. Minada ikianza hela inaonekana mjini, na nyumba zinatafutwa. Halafu wenye nyumba wa umri wa mzee wangu wanaikumbuka miaka ya gesi, pale 2012 hadi 2014, wageni wa makampuni walipokuwa wanatafuta nyumba na kodi zikapanda kila kukicha. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilipokamilika 2015, shughuli zikapoa na nyumba nyingi zikakosa watu. Aliyewahi kupokea kodi ile hasahau. Kwa hiyo mpangaji anapoondoka katikati ya mwaka, mwenye nyumba anaona nafasi ya kupandisha bei, na wewe unayemleta mtu wa kumalizia bei ya zamani unaonekana unamzibia. Na tangu sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ifutwe mwaka 2005, bei ya mkataba mpya ni makubaliano yenu tu.

Lakini miezi ile saba ilikuwa imeshalipwa. Hapo sikukubali. Nilikwenda kwa mtendaji wa mtaa, si kumshtaki mzee, bali kuomba atukalishe pamoja. Yeye ndiye aliyenifungua macho kwa maneno mawili matatu. Aliniuliza: unampangisha huyu binti, au unamhamishia pango? Ukimpangisha, wewe unabaki mpangaji wa mzee, na binti anakuwa mpangaji wako. Akivunja dirisha au akiacha bili ya maji, mzee anakutafuta wewe uliyeko Nachingwea. Ukimhamishia, wewe unatoka kabisa na yeye anaandikwa. Alituambia pia kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mpangaji apate idhini ya maandishi kabla ya kumhamishia mtu pango, lakini inamtaka mwenye nyumba naye asiinyime idhini hiyo bila sababu ya maana. Tukishindwana, alisema, tutakwenda baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, na lisipofanikiwa ndipo twende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mzee alipolainika ilikuwa pale niliposema: baba, funga mkataba wangu leo, mwandikie huyu wa kwake. Uso wake ulibadilika. Siku zote zile alikuwa anaogopa mpangaji wa mpangaji, mtu asiyemjua anayelala kwake kwa karatasi yenye jina la aliyeondoka, na mimi sikumwelewa kwa sababu nilikuwa natumia neno "kumwachia" tu.

Tukaandika hivi: binti anamalizia hadi Juni kwa 120,000, na kuanzia Julai ni 150,000. Ya kubadilisha jina ikafutwa, mimi nikatoa 60,000 ya rangi ya sebule. Binti aliingia tarehe 15 Desemba, nusu mwezi ikaniponyoka, akanilipa 780,000. Ukitoa ya rangi nimebaki na 720,000. Nimepoteza 120,000, na mahangaiko ya wiki tatu nikiwa nimeshaanza kufunga mizigo.

Nachingwea nilikaa upande wa pili. Mwalimu mmoja alikuwa anahama na kodi ya miezi minne imebaki, 60,000 kwa mwezi, na mimi ndiye niliyekuja kumalizia. Mama mwenye nyumba anaishi uzio huo huo. Alituita wote wawili barazani baada ya swala ya alasiri, akatoa daftari. Kwanza alinihoji mimi: nitalala na nani, nafuga kuku, narudi saa ngapi. Halafu akamtuma mwanaye akasome mita ya umeme na kuleta risiti ya maji ya mwisho. Bili ya maji ilikuwa na deni la mwezi mmoja. Mwalimu akalipa kwa simu hapo hapo. Mama akaweka hesabu ya kodi ya majengo, ile shilingi 1,500 inayokatwa kila mwezi kwenye LUKU, akamrudishia mwalimu miezi aliyomlipia. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, na Mtwara sikuwahi kurudishiwa hata mara moja, wala sikuwahi kudai.

Kwenye mkataba wa mwalimu akaandika "umefungwa", na tarehe. Kwenye wangu akaandika kwamba miezi minne imeshalipwa. Nilipomkabidhi mwalimu 240,000 yake, mama alihesabu na sisi, akasema hiyo ni yenu, mimi yangu nilishakula. Mtendaji wa huko akagonga muhuri kesho yake asubuhi. Ukiacha muhuri, mambo yote jioni moja.

Mama huyu nampa nyota tano bila kusita. Mzee wa Chikongola nampa tatu. Mbili nimempunguzia kwa kutaka bei ya Julai ilipwe Desemba na kwa ile hela ya jina ambayo haikuwa na msingi wowote, lakini alipokubali, alikubali kweli. Binti bado yupo pale. Julai alisaini kwa 150,000 kama ilivyoandikwa, na mzee hakuongeza hata shilingi.