elif au match: kipi kitangulie kwa wanaoanza Python?

Kwa vijana tunaowafundisha hapa Kigoma, mimi naanza na if (kama) na elif (la sivyo, kama), maneno ya kuchagua kwa masharti katika Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Bei ya migebuka mwaloni Kibirizi inatosha kuwa mfano: if kilo >= 20, bei ya jumla; elif kilo >= 5, punguzo; else, rejareja. Python husoma kutoka juu na kuishia kwenye sharti la kwanza lililotimia. Ukitanguliza kilo >= 5, mwenye kilo 30 haoni bei ya jumla ng'o! Hapo ndipo darasa huchangamka.

match, njia nyingine ya kuchagua iliyokuja na toleo la 3.10 la Python mwaka 2021, ni nadhifu unapolinganisha thamani kamili, kama majina ya siku. Kwa viwango vya uzito inabidi iazime if ndani ya case, yaani kila tawi lake. Tena kompyuta yenye Python ya zamani huikataa.