Uzoefu Wangu na Dalali wa Bili za Nyumbani

Huduma ninayoieleza hapa ni ya kampuni zinazojadiliana bei na watoa huduma kwa niaba ya mteja. Mteja huwapelekea bili zake, wao hupiga simu na kubishana, na wakifanikiwa kuishusha bei huchukua sehemu ya kiasi kilichookolewa. Kwa maneno mengine ni madalali, ila wanachokiuza ni subira ya kukaa kwenye simu. Nilimkabidhi dalali wa aina hiyo bili za intaneti, simu na bima ya nyumba, na mikataba ilipokwisha nikaifanya kazi hiyo mwenyewe, kwa hiyo ninaweza kuzilinganisha njia hizi mbili nikiwa na karatasi za pande zote.

Kujiandikisha hakukuwa na usumbufu: unapiga picha ya bili, unaijaza fomu na kutia saini idhini ya kuwakilishwa. Jambo moja tu lilinikera, nalo ni kuombwa nywila ya akaunti yangu ya intaneti. Nilikataa kuitoa, na kazi ikaendelea kwa idhini peke yake, jambo linaloonyesha kwamba nywila hiyo haikuhitajika tangu mwanzo.

Matokeo ya awali yalikuwa mazuri. Bili ya intaneti ilishuka kwa robo bila kasi kupunguzwa, ya simu ikashuka kidogo sana, na kwa upande wa bima nikaambiwa kwamba hakuna nafasi. Ada yao ilikuwa 40% ya akiba inayotarajiwa kupatikana katika miezi 12, na ililipwa yote mara moja, kabla akiba yenyewe haijapatikana. Anayevutiwa na maneno “hulipi chochote tusipofanikiwa” apige hesabu hii: bili ikishuka kwa 25%, dalali huchukua sehemu ya kumi ya bili za mwaka mzima, yaani zaidi ya bili kamili ya mwezi mmoja, na kwa kuwa punguzo huingia kidogo kidogo kila mwezi, inapita karibu miezi 5 kabla mteja hajairudisha pesa aliyoitoa. Si wizi, kwa sababu masharti yalikuwa wazi, lakini si neema kama tangazo linavyodai.

Kilichonifanya nibadili mawazo kuhusu huduma hii kilikuwa ndani ya kiambatisho cha barua pepe iliyonipongeza. Punguzo lilikuwa la miezi 12, ilhali mkataba mpya uliofungwa kwa jina langu ulikuwa wa miezi 24. Maana yake ni kwamba katika mwaka wa pili ningerudi kwenye bei kamili, na kama ningetaka kuhama ningetozwa faini ya kuvunja mkataba. Dalali hakudanganya, ila malipo yake yanahesabiwa kwa mwaka wa kwanza pekee, na mtu anayelipwa kwa mwaka wa kwanza hana sababu ya kuupigania wa pili. Huo, kwa maoni yangu, ndio upungufu mkubwa wa mpango mzima, na hauponi kwa kumpata dalali mwadilifu zaidi.

Nilipoanza kupiga simu mwenyewe, nilifahamu upesi kwamba mhudumu wa kwanza anayepokea simu kwa kawaida hana mamlaka ya kutoa punguzo la maana. Mamlaka hayo yako kwa kitengo kinachoshughulikia wateja wanaotaka kuondoka, ambacho huwa na orodha ya nafuu zilizokwisha kuidhinishwa, kwa kuwa kumpata mteja mpya hugharimu matangazo, kamisheni na ufungaji wa vifaa, na kumbakiza wa zamani ni rahisi zaidi. Mtu akisema “naomba punguzo” hubaki kwa mhudumu wa kwanza. Akisema anataka kujua taratibu za kusitisha huduma, huhamishwa. Siungi mkono vitisho vya uongo, na wala havihitajiki: nilikuwa na bei ya mshindani kwa maandishi, kwa kasi ile ile, na nilikuwa tayari kuhama.

Wakati una nguvu kuliko ufasaha. Mkataba ukiwa bado una miezi mingi, kampuni haina cha kuhofia. Unapokaribia kwisha, hali hugeuka. Nchini Uingereza mdhibiti wa mawasiliano, Ofcom, amezilazimisha kampuni tangu Februari 2020 kumwarifu mteja kabla mkataba wake haujafikia mwisho na kumweleza bei nafuu zaidi walizonazo. Pasipo sheria kama hiyo, mteja ajiwekee tarehe hiyo mwenyewe, maana ukimya wake huchukuliwa kuwa ni kuridhika.

Akiba kubwa zaidi, hata hivyo, haikutokana na majadiliano. Nilipokagua matumizi ya nyumba niliona kwamba tulikuwa tukilipia kasi ya intaneti tusiyoihitaji, na juu yake kodi ya kila mwezi ya ruta, kifaa cha kusambaza intaneti nyumbani, ambayo ingeweza kununuliwa. Dalali hakuligusa hilo, kwa kuwa aliombwa kushusha bei ya kifurushi kilichopo. Bima, ambayo nilikuwa nimeambiwa haina nafasi, ilishuka nilipokubali kubeba mwenyewe sehemu kubwa zaidi ya hasara ndogo ndogo, na nilipolipa kwa mwaka badala ya kwa mwezi, kwani malipo ya awamu yalikuwa na riba ndani yake. (Asiye na akiba ya kukidhi sehemu hiyo asiufuate mfano wangu.)

Umeme na maji ni habari nyingine. Bei zake kwa kawaida hupangwa au kuidhinishwa na mdhibiti, na kampuni niliyoitumia ilikuwa na uungwana wa kuzikataa bili hizo. Hapo simu hupigwa kwa ajili ya usahihi: kama mita ilisomwa au ilikadiriwa, na kama nyumba imewekwa katika kundi sahihi la watumiaji.

Kwa hiyo ninaipendekeza huduma hii kwa mtu mmoja tu: yule ambaye anajua kwa hakika kwamba hatapiga simu kamwe, na ambaye atasoma muda wa mkataba mpya kabla haujakubaliwa kwa niaba yake. Anayeamua kuiacha azingatie pia kwamba kufuta programu ya dalali kwenye simu hakuifuti idhini aliyotia saini. Yangu niliisitisha kwa maandishi, nikatuma nakala kwa kila mtoa huduma na kuwataka wathibitishe kwamba hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kubadili mkataba wangu.