Globe ya London: kata tiketi ya kusimama, na uombe mvua

Wanaoniuliza kuhusu Shakespeare's Globe, ukumbi wa michezo ya kuigiza, huanza na viti. Haya: ni mabenchi ya mbao, yanaumiza mgongo, na ukikaa pabaya nguzo inakuziba. Mimi nakwambia usikae kabisa. Kata tiketi ya kusimama pale uwanjani, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa pauni 5 tu, uegemee jukwaa lenyewe.

Jengo liko Southwark, kando ya mto Thames. Lilifunguliwa mwaka 1997 kwa kuiga ukumbi wa mwaka 1599. Paa linafunika jukwaa na mabenchi ya pembeni. Katikati, tunaposimama sisi, ni wazi. Paa lenyewe ni la matete. Kwa mtu wa Tanga si ajabu, ila London hili ni la kwanza la namna hiyo kujengwa tangu moto mkubwa wa 1666. Ukumbi wa kwanza uliungua mwaka 1613: walipiga mzinga katikati ya mchezo, cheche ikashika paa. Siku hizi wameweka mabomba ya maji huko juu.

Mvua ikinyesha mchezo hausimami, na mwavuli marufuku kwa sababu unawaziba walio nyuma. Kuketi chini pia marufuku.

Nilikwenda na binti wa kaka yangu kuangalia King Lear, mchezo wa Shakespeare, saa nane mchana, saa ambayo hata enzi zile walikuwa wakianza. Rasharasha ilianza mapema, ile mvua ya huku isiyo na haraka, inayoingilia shingoni. Ilipofika zamu ya mfalme Lear kufungiwa mlango na binti zake na kutangatanga nyikani, maji yalikuwa yanatuchuruzika puani. Huko juu ngurumo zikaanza. Zamani walizipata kwa kuvingirisha tufe la chuma juu ya mbao na kupiga ngoma, na umeme wa radi ulikuwa fataki. Ben Jonson, mwandishi wa wakati huohuo, aliwacheka kwa vituko hivyo. Mimi sicheki, ile ngurumo niliisikia miguuni.

Lear anaitukana tufani, anaiambia ivume. Binti akaninong'oneza: "Shangazi, mbona mfalme hajalowa?"

Kweli, alikuwa mkavu. Yuko chini ya dari lililochorwa jua, mwezi na nyota, ambalo waigizaji wa zamani waliliita mbingu. Halafu akaanza yale maneno ya kuwakumbuka maskini wasio na nguo wala pa kujificha, wanaopigwa na dhoruba, akakiri kwamba alipokuwa na enzi hakuwajali. Akayasema akitutazama sisi, tuliolowa chapachapa kwa tiketi ya bei ya chini. Nilishasoma mchezo huu na kuuona kwenye televisheni, na pale hapakuwahi kunishika. Kwenye benchi la juu usingenishika pia.

Nadhani watazamaji wa zamani hawakuhitaji kuelezwa. Kati ya 1594 na 1596 mvua ziliharibu mavuno Uingereza, mkate ukapanda bei, na katika A Midsummer Night's Dream, mchezo mwingine wa Shakespeare, malkia wa viumbe wa kichawi analalamikia mito kufurika na nafaka kuoza mashambani. Aliyesikia hayo huku amesimama kwenye tope alijua anaambiwa nini. Hata Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare alioutafsiri Mwalimu Nyerere, una yule rafiki anayesema angekuwa na mali baharini kama mwenzake, hata kupuliza supu ipoe kungemfanya awaze upepo na meli.

Wana pia ukumbi wa ndani, Sam Wanamaker Playhouse, wa tangu 2014, unaowashwa mishumaa. Unapendeza sana wakati wa baridi, lakini hauna anga, na mimi anga ndiyo niliyoilipia.

Vaeni viatu visivyopitisha maji, maana ni karibu saa tatu za kusimama, na koti la mvua mtoke nalo nyumbani. Langu la nailoni, la kununua njiani kwa mchuuzi, lilichanika kwapani kabla mzee Gloucester, mmoja wa wahusika, hajatobolewa macho.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imekwenda na helikopta iliyopita juu yetu wakati Lear anaingia amembeba Cordelia, binti yake mdogo aliyekufa.