YOUmedia ya Chicago: chumba cha vijana ambacho mzazi anaishia mlangoni

Wazazi wenzangu wa Chicago na vitongoji vyake, hasa tuliotoka Tanzania, Kenya na Kongo na tuna watoto waliofikia umri wa kujifungia chumbani, nataka niwaeleze kuhusu huduma moja ya bure ambayo wengi wetu tunaipita kila tukishuka mjini. Inaitwa YOUmedia. Ni sehemu ya vijana ndani ya maktaba kuu ya jiji, Harold Washington Library Center, pale 400 South State Street. Binti yangu ana miaka 15 na ni mwenyeji wa pale kwa muda sasa. Mdogo wake ana miaka 11, naye nitamfikia, maana habari yake ni nyingine.

Mimi ni mtu wa Tanga, nafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu zangu nyingi ni za mchana hadi usiku. Kwa hiyo swali la mtoto yuko wapi kati ya saa tisa alasiri na saa moja jioni kwangu ni swali la kila siku. Nimejaribu klabu za kulipia, nimejaribu kumfungia ndani na televisheni. Katika vyote nilivyowahi kuvitumia nchi hii kwa mtoto wa umri huo, hiki ndicho ningekitetea mbele ya mtu yeyote.

Kufika ni rahisi. Sisi tunakaa kaskazini, tunapanda treni ya Red Line hadi kituo cha Jackson, ukitoka juu unaliona jengo: matofali mekundu, paa la kijani, na bundi wakubwa wa chuma wamekaa kwenye pembe za paa. Lilifunguliwa mwaka 1991 na limepewa jina la Harold Washington, meya wa kwanza mweusi wa Chicago, aliyefariki akiwa bado madarakani mwaka 1987. Wanangu niliwaeleza habari zake siku ya kwanza, kabla hatujaingia ndani. YOUmedia iko usawa wa barabara, huhitaji hata kupanda ngazi.

Ukiingia ukitarajia ukimya wa maktaba, utashtuka. Kuna muziki, kuna vijana wamejilaza kwenye makochi, wengine wanacheza michezo ya video, wengine wamekusanyika kwenye kompyuta mpakato moja wanabishana juu ya rangi ya bango. Pembeni kuna kamera, vinanda, printa za pande tatu, na studio ya kurekodia sauti. Wanaokaribishwa ni wa miaka 13 hadi 19. Sisi watu wazima hatukai humo, na hilo ni jambo jema. Mtoto wa miaka 15 mwenye mama yake nyuma ya kiti haimbi, haandiki shairi, wala haulizi swali analoliona la kijinga.

Mahali hapa palianza mwaka 2009 kwa fedha za MacArthur Foundation, shirika linalotoa ruzuku, na mpangilio wake haukubuniwa kwa kubahatisha. Ulifuata utafiti wa Mizuko Ito na wenzake, waliochunguza jinsi vijana wanavyotumia kompyuta na mitandao wakiwa peke yao, bila mwalimu. Waliona kwamba kijana kwanza hukaa tu na wenzake. Baadaye huanza kuchezeachezea kifaa, anagusa hiki, anaharibu kile, hana lengo. Halafu, wengine, si wote, huzama katika jambo moja hadi wakalijua kuliko watu wazima walio karibu nao. Chumba kimepangwa kufuata mwendo huo: makochi karibu na mlango, vifaa katikati, studio na kazi nzito ndani zaidi.

Kwenye hatua hiyo ya kukaa tu ndipo wazazi wengi wa kwetu tunapowatoa watoto mapema. Wiki za mwanzo nilikuwa nikimuuliza binti yangu, "Leo mmefanya nini huko?" Jibu: "Hamna, mama, tulikaa tu." Kwa malezi tuliyokulia, kukaa tu ni uvivu, na mtoto akitoka nyumbani anatumwa kitu. Nilipokwenda kumchukua siku moja nikamuuliza mmoja wa wakufunzi kama mwanangu anajifunza chochote. Hakunipamba kwa maneno. Alinieleza kwamba anajua jina lake, anajua anasikiliza muziki gani, na anajua kila akipita mlango wa studio anachungulia. Aliniomba nimpe muda. Nikampa.

Kilichomtoa kwenye kochi ni sauti za mama yangu. Bibi yao yuko Tanga, hajui kuandika ujumbe kwenye simu, kwa hiyo kila kitu anakisema kwa sauti kwenye WhatsApp: salamu, dua, bei ya samaki, nani kaoa. Binti yangu alikuwa amezihifadhi zote. Akamwonyesha mkufunzi, na mkufunzi hakujua Kiswahili hata neno moja, ila alijua sauti. Alimfundisha kukata kipande, kupunguza upepo na kelele za barabarani, kupanga sauti juu ya ngoma bila ngoma kuimeza. Jogoo wa jirani alikuwa anawika katikati ya dua, wakajadiliana wamtoe au wamwache. Wakamwacha. Kazi ilipokamilika akanivisha hedifoni jikoni: "Mama, sikiliza mpaka mwisho, usiseme kitu." Ilianza na "Bibi, shikamoo," kisha mama yangu anaitikia, "Marahaba mjukuu wangu," na ngoma inaingia. Nikaituma Tanga usiku ule ule. Mama akataka kujua ni redio gani inayomtangaza.

Nimeieleza kwa urefu kwa sababu wakufunzi ndio roho ya mahali hapa. Vifaa unaweza kuvikuta kwingine, na vingine hupitwa na wakati upesi. Wao wanatokana na fani zenyewe, washairi, watu wa muziki, wachoraji, wabunifu wa picha, na ndio wanaojua lini wamkaribie kijana na lini wamwache. Vijana wa zamani bado wanamtaja Mike Hawkins, waliyemwita Brother Mike, mshairi aliyekuwa akiongoza jioni za jukwaa ambapo kijana yeyote anapanda na kusoma au kurap mbele ya wenzake. Alifariki mwaka 2014. Mmoja wa waliopanda jukwaa lile wakiwa bado shuleni ni Chancelor Bennett, ambaye dunia inamjua kama Chance the Rapper, na studio ya bure ya maktaba ni sehemu ya alikoanzia kurekodi. Tafadhali msiwapeleke watoto wenu kwa kutafuta umaarufu huo. Mpelekeni kwa sababu atakutana na mtu mzima asiye mzazi wala mwalimu wake, anayeichukulia kazi ya mtoto kwa uzito.

Nilishaona kinyume chake. Kabla ya kuhamia Chicago tuliishi mji mwingine, na maktaba ya kule nitaiacha bila jina. Shughuli "za vijana" zilikuwa kubandika karatasi za rangi kwa gundi, kitu ambacho mwanangu alikifanya chekechea. Saa za kutoka shule mlinzi alisimama mlangoni akihesabu wanaoingia, na kundi la wasichana watatu wakicheka lilitosha kutolewa nje. Mtoto wa miaka kumi na mbili alikuwa mkubwa mno kwa zulia la hadithi na mdogo mno kwa meza za watu wazima. Binti yangu aliacha kwenda, na sikuwa na la kumwambia.

Sasa huyu wa miaka 11. Umri wa YOUmedia bado hajaufikia, kwa hiyo anapanda ghorofa moja juu, kwenye maktaba ya watoto iitwayo Thomas Hughes. Jina hilo lina historia nzuri. Moto mkubwa wa mwaka 1871 ulipoiteketeza Chicago, Thomas Hughes, mwandishi na mbunge wa Uingereza, alihamasisha wenzake wachange vitabu, vikavushwa bahari kwa maelfu. Ndivyo maktaba ya umma ya jiji ilivyopata mwanzo wake, na ilipofunguliwa Januari 1873 vitabu vilikaa ndani ya tangi la chuma lililowahi kuhifadhi maji. Mwanangu anaipenda habari ya tangi kuliko vitabu vyenyewe, ila kwa sababu yake alianza kuuliza habari za moto, na kwa sababu ya moto akasoma.

Siku za shule, hata hivyo, haendi mjini. Anakwenda tawi la karibu, ambako alasiri kuna huduma ya Teacher in the Library: mwalimu mwenye sifa za ualimu anakaa mezani na kusaidia kazi za nyumbani, bila malipo, bila miadi. Kwa familia ambayo mzazi anaijua hesabu lakini haijui kwa Kiingereza cha kitabu cha hapa, meza hiyo ni msaada mkubwa. Mimi sehemu za desimali nilizisoma kwa Kiswahili darasa la tano, na njia yao ya kugawanya siijui. Kwa kadi ya maktaba unaweza pia kuazima pasi ya kuingiza familia makumbusho bure, na Jumamosi ya baridi kali ukiwa na mtoto wa miaka 11 ndani, pasi hiyo inaokoa siku.

Wanaoogopa faini, tulieni. Chicago ilifuta faini za kuchelewesha vitabu Oktoba 2019, na madeni ya nyuma yakafutwa. Kitabu kikipotea kabisa bado unakilipa au unaleta kingine, na hiyo ni haki. Ila ile hofu ya kumnyima mtoto kadi kwa sababu atasahau kitabu chini ya kitanda haina sababu tena.

Yapo mambo ya kujiandaa nayo. Studio haimsubiri mtoto. Mgeni hufundishwa kwanza namna ya kutumia vifaa, na wakati mwingine kuna foleni. Msimu wa baridi giza linaingia mapema, na safari ya treni ya kurudi usiku si ya kumwachia mtoto wa miaka 13 peke yake. Sisi tumekubaliana na familia mbili za Wakongo wa mtaani kwetu, mzazi mmoja anawachukua wote kwa zamu. Kama mnakaa mbali na mjini, ulizeni kwanza tawi lenu, kwa sababu YOUmedia imeshapelekwa kwenye matawi mengi ya jiji, ingawa vifaa havilingani na vya makao makuu. Na kabla hamjatoka nyumbani tazameni kalenda ya YOUmedia yenyewe, kwani saa za chumba cha vijana si zile za jengo zima, na hubadilika shule zinapofungwa.