Mtoto wa jicho: matone au upasuaji?

Mtoto wa jicho ni lenzi ya ndani, nyuma ya mboni, iliyoingia ukungu kwa sababu protini zake zimegandamana. Hadi sasa hakuna tone lililothibitishwa kuusafisha ukungu huo kwa binadamu. Lanosteroli, aina ya mafuta ya asili ya mwilini, ilileta matumaini ilipojaribiwa kwa mbwa mwaka 2015, basi.

Kwa bei ya siku moja, chupa ya matone inashinda. Lakini utanunua nyingine, na nyingine, huku lenzi ikizidi kukomaa na kuwa ngumu kutoa. Upasuaji hulipiwa mara moja kwa kila jicho: ganzi, tundu la milimita 2 hadi 3 (kwa njia ya mkono, bila mashine ya kuvunja lenzi, 6 hadi 7), lenzi chakavu inatoka, ya plastiki inaingia. Mara nyingi haufiki hata nusu saa.

Matunzo ndiyo yenye kazi. Baada ya upasuaji utadondosha matone kwa wiki 4 hivi, bila kusugua jicho. Likiuma sana, likiwa jekundu au uoni ukishuka, rudi siku hiyohiyo. Huenda ni maambukizi ya ndani, na hayo hupofusha.

Kama miwani mipya na taa kali vinakuwezesha kusoma, subiri. Kama taa za magari usiku zinatawanyika na nyuso huzitambui, panga upasuaji. Mwenye presha ya jicho asiache matone yake ya presha. Na matone yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) usijinunulie dukani: yakitumika muda mrefu, yenyewe huleta mtoto wa jicho.