Dada wa duka la dawa, vile havikuwa vidonge vyangu

Dawa yenyewe sina ugomvi nayo. Ni valproate ile inayojiachia polepole mwilini: nameza usiku baada ya chakula, basi, hadi kesho. Kifafa kilinyamaza, na kipandauso kilichokuwa kikinilaza gizani kutwa nzima nacho kikapungua. Kwa fundi cherehani kama mimi, hiyo ni riziki.

Kinachonichoma ni duka moja la dawa hapa Kampala. Siku chache kabla ya Ramadhani nilienda kuchukua vidonge vingine, nikampa yule dada karatasi ya daktari kimyakimya. Akaisoma, akapaza sauti kwa mwenzake kule nyuma: "Dawa ya kifafa ya huyu ssebo bado ipo?" Duka limejaa watu! Mama aliyekuwa kando yangu akamvuta mwanawe upande wa pili. Kifafa hakiambukizi, si kwa mate wala kwa kugusana, lakini nani angenisikiliza pale?

Akaleta boksi. Nikatafuta herufi CR, zile za kuonyesha kuwa ni ya kujiachia polepole, hazipo. "Dada, hii siyo yenyewe." Hakuniangalia hata. "Miligramu 500 ni 500. Wewe ndiye daktari?" Watu wakacheka. Aibu ikanishika, nikalipa, nikatoka.

Kidonge cha kawaida hakidumu mwilini kama kile, ndiyo maana hugawanywa kwa siku. Mimi nikaendelea kumeza usiku tu kama nilivyozoea. Siku ya nne au ya tano, jioni, nikaanguka kwenye cherehani. Nilipozinduka, gomesi ya mteja, lile gauni la kina mama wa huku, ilikuwa imelowa damu ya ulimi wangu.

Kwa hasira niliapa sitaigusa tena dawa hii. Na ina maudhi yake: mikono hutetemeka, natunga uzi mara tatu nne ndipo uingie kwenye sindano, na mwili umenenepa. Binti yangu singemruhusu aimeze, maana humdhuru mtoto tumboni. Mke wangu ndiye aliyenizuia, akasema ukiacha ghafla degedege linaweza kuja mfululizo. Ni kweli. Nimerudia CR na, alhamdulillahi, sijaanguka tena. Kwa hiyo ni dawa nzuri, nzuri sana, ila wewe mwenyewe usome boksi kabla ya kutoa pesa, hata wakucheke.

Gomesi nimeilipa mimi. Yule dada hadi leo hajui.