TAHADHARI: Anauza minyororo ya nyaya za CNC kama nailoni ya kiwandani, kumbe ni ya kuchapishwa kwa printa ya 3D

Wakuu, kuna muuzaji mtandaoni anatangaza minyororo ya kubebea nyaya, ile ya plastiki yenye pingili inayojikunja na kujikunjua kando ya reli ya mashine ya CNC, yaani mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta. Tangazo linasema ni nailoni ya kiwandani, nafasi ya ndani milimita 15 kwa 30, kupinda R38 (nusukipenyo cha mkunjo, milimita 38), kipande cha mita moja. Nailoni si kweli, kiwandani si kweli, na hiyo R38 nayo si kweli. Nilinunua vipande viwili. Baada ya wiki tatu nina draiva ya stepa (kifaa kinachoendesha mota ya mashine) iliyokufa na ubao wa mteja uliochimbika mahali pasipotakiwa. Naandika ili asimpate mwingine.

Kwanza nieleweke. Mnyororo wa kujitengenezea sina ugomvi nao hata kidogo, na ninaoutumia sasa nimeutengeneza kwa mikono yangu. Mtu akiniambia "hii nimeichapisha mwenyewe kwa plastiki ya PLA, pini zina milimita kadhaa, inapinda hadi hapa", nitajua niiweke wapi na nisiiweke wapi. Huyu anachukua kazi ya printa ya 3D, anaipiga rangi nyeusi ya kupuliza, kisha anaiuza kwa jina la kitu kingine. Ubaya wake ni huo, maana anayenunua anapanga mashine yake yote kwa kuamini alama ambayo haipo.

Dalili zilikuwepo tangu mwanzo. Nilimwomba picha ya karibu ya upande wa chini wa pingili, akanitumia picha ya mbali. Nikamwomba aukunje hadi mwisho uache kukunjika, kisha aweke rula pembeni. Akajibu, "Bosi, ni orijino hiyo, wateja wote wanasifia." Halafu akaniambia nikimlipa moja kwa moja, nje ya mtandao wa mauzo, atanipunguzia. Nilikubali, na hapo ndipo nilipopoteza njia pekee ya kudai hela yangu. Akija na neno hilo la kulipa pembeni, kataeni.

Mzigo ulifika umefungwa vizuri. Mnyororo ulikuwa mweusi, unang'aa, mwepesi mkononi. Wepesi ule ulinitia shaka kidogo, lakini kazi zilikuwa zinasubiri nikaufunga upande wa Y, yaani mhimili wa mbele na nyuma. Ndani yake nilipitisha nyaya mbili za mota za stepa, kila mmoja na unene wa milimita 5, pamoja na waya mwembamba wa limiti swichi, ile inayosimamisha mashine ikifika mwisho wa reli. Waya wa spindo, mota inayozungusha kisu, niliupitisha juu, mbali na hizo, kwa sababu inveta ya spindo hupiga kelele za umeme na limiti swichi huzidaka.

Wiki ya tatu, katikati ya kukata, nikasikia mlio mmoja mkavu, kama kijiti kimevunjika. Gantri, lile daraja linalobeba spindo, ikaanza kwenda upande, mota moja inavuta na nyingine imesimama. Nikabonyeza kitufe cha dharura. Pini ya pingili moja ilikuwa imekatika, pingili imenyanyuka na kuingia kwenye meno ya reli, na waya wa stepa ulikuwa umebanwa hapo. Waya wa stepa ukikatika wakati draiva ina umeme, koili ya mota inarudisha msukumo mkubwa wa volti na draiva inaweza kufa papo hapo. Yangu ilikufa. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema mnyororo ni urembo tu wa kuficha nyaya.

Nikaufungua wote mezani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye ushahidi.

Nilianza na kupinda. Ile R38 maana yake ni nusukipenyo cha milimita 38, na hupimwa kwenye mstari unaopita katikati ya pini. Ukiukunja mnyororo hadi ujizuie wenyewe, umbali kutoka katikati ya pini za juu hadi katikati ya pini za chini unatakiwa uwe mara mbili yake, yaani 76. Nilipima kwa kalipa nikapata 50. Kwa hiyo ni R25. Kwa nyaya za kawaida za mnyororo, kanuni inayotumika sana ni nusukipenyo kisichopungua mara saba na nusu ya unene wa waya. Waya wa milimita 5 unadai 37.5, na ndiyo sababu nilichagua R38. Kwenye R25 waya uleule unakunjwa kwenye mara 5 tu ya unene wake. Nje ganda linaonekana zima, ndani nyuzi za shaba zinakatika moja moja. Waya wa pili, ambao haukubanwa na kitu, niliupima kwa mita ya umeme huku naukunjakunja, usomaji ukawa unaruka. Nao ulikuwa njiani kufa.

Kisha nikaja kwenye plastiki yenyewe. Nilikwangua rangi kwa wembe, mistari ya matabaka ikajitokeza, sawasawa kama mistari ya daftari. Pingili ya kiwandani hutoka kwenye kalibu, na ukiitazama vizuri unaona kinundu kidogo pale plastiki ilipoingilia, viduara vya pini zilizoisukuma itoke, na mshono mwembamba pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Hapa hapakuwa na hata kimoja. Pini zilikuwa zimechapishwa zikiwa zimesimama, kwa hiyo matabaka yalikaa kama sarafu zilizopangwa juu ya nyingine, na nguvu ya kuzikata inapita katikati ya sarafu mbili. Pini ya namna hiyo haina maisha kwenye mashine inayokwenda na kurudi siku nzima.

Mwisho nikachukua pingili moja na kuitumbukiza kwenye maji yaliyotoka kuchemka. Ndani ya dakika moja ililegea, nikaipinda kwa vidole. PLA huanza kulainika kwenye nyuzi joto takriban 60, na PETG, plastiki nyingine ya kuchapishia, kwenye kama 80. Nailoni hiyo haifanyi. PA66, aina ya nailoni inayotumika sana viwandani, huyeyuka karibu na 260, na mara nyingi huchanganywa na nyuzi za kioo ili iwe ngumu zaidi. Jaribio hili lina mpaka wake: plastiki ya ABS huvumilia hadi kama 105, kwa hiyo pingili kubaki ngumu kwenye maji ya moto hakuthibitishi kwamba ni nailoni. Lakini ikilegea, umeshadanganywa.

Nilimtumia muuzaji picha zote. Kwanza akasema nimejaza nyaya kupita kiasi. Nyaya zangu tatu hazifikii hata nusu ya nafasi ya ndani, na kikomo ambacho mafundi wengi hufuata ni kama asilimia 60. Nikamwonyesha. Akasema mashine yangu inakwenda kasi mno. Nikamuuliza kasi ya mwisho ya mnyororo wake ni ngapi, akanifungia.

Kwa anayetaka kuachana na wauzaji wa namna hii, mnyororo unatengenezeka kwa ile mifereji ya plastiki ya kufunikia nyaya ukutani. Tafuta saizi mbili, moja iingie ndani ya nyingine bila kubana. Kata vipande, toboa tundu kila mwisho, unganisha kwa skrubu za M3 na nati za kujifunga zenye nailoni ndani, ukaze hadi pingili icheze bila kuyumba. Vichwa vya skrubu vikae ndani na nati nje, nyaya zisikwaruzwe na uzi wa skrubu. Kinachoamua kupinda ni urefu wa pingili na pembe inayoruhusiwa. Tundu hadi tundu ikiwa milimita 30 na kila pingili ikazuiwa isizidi nyuzi 45, unapata nusukipenyo cha kama 39. Ya yule muuzaji, yenye urefu huohuo, ilikuwa inajikunja zaidi ya nyuzi 70, maana hakuweka kizuizi cha maana. Kizuizi unakipata kwa jinsi unavyokata sakafu ya kila kipande: zikutane sakafu kwa sakafu upande ambao hutaki ukunjike, na uache mwanya unaotosha nyuzi 45 upande wa pili. Hapa msifanye haraka. Mimi vipande sita vya kwanza nilivitupa hadi mwanya ukakaa sawa. Halafu pitisha tupa na msasa kwenye kila ukingo wa ndani, kwa kuwa ukingo uliokatwa kwa msumeno unakula ganda la waya taratibu.

Urefu msinunue kwa kukisia. Ukifunga mwisho usiotembea katikati ya safari ya mashine, chukua nusu ya safari, ongeza mara 3.14 ya nusukipenyo, kisha pingili mbili za akiba. Safari ya 800 kwa R38 ni 400 na 119, yaani kama 519 kabla ya akiba. Ukiufunga mwishoni mwa safari badala ya katikati, ile 400 inakuwa 800. Nyaya zilazwe ndani bila kujisokota, zishikizwe ncha zote mbili nje ya mnyororo, na ndani zisifungwe pamoja, kila mmoja uwe huru kuteleza. Limiti swichi nazo ziunganishwe mzunguko uwe umefungwa wakati swichi haijabonyezwa, ili waya ukikatika mashine isimame yenyewe.

Jina la akaunti sitaji, ameshalibadilisha mara moja tangu tugombane na anaweza kulibadilisha tena kesho. Tangazo jipya lina maneno yaleyale, "nailoni ya kiwandani R38", na picha ya mnyororo ulioviringishwa juu ya meza nyeupe ambayo nimeikuta pia kwa wauzaji wengine wasiohusiana naye. Ombeni picha ya pini hadi pini na rula. Akileta habari ya kulipa pembeni, ripotini tangazo hapohapo.

Na kama umeshaufunga mnyororo wake, zima umeme leo, toa nyaya, pima kila mmoja kwa mita huku ukiukunja pale unapopinda zaidi. Usiurudishe kazini hata kama nyaya zinasoma vizuri. Pingili zangu zote ninazo, na mazungumzo yote nimeyahifadhi. Anayetaka kumripoti na anahitaji picha za kulinganisha, nitampa.